Saa Nane ya Mashine

Duka la Octavian liko Kilosa mjini, hatua chache kutoka stesheni ya zamani ya reli, na kibao chake kinaahidi mambo matano: kuchapa, kutoa kopi, kulamineti vyeti, picha za pasipoti na ushauri. Manne ya kwanza unalipia. Ushauri unapewa hata kama hukuuomba. Ukimpelekea barua yako ya maombi ya kazi aitoe kopi, ataisoma kwanza, atakunja uso, kisha atakuuliza kama kweli unataka kumwambia mwajiri kwamba unapenda kusoma vitabu, wakati Kilosa nzima inajua unapenda kucheza puli na kulala.

Ni mwembamba, ana miaka arobaini na miwili, na mfukoni mwa shati ana kalamu mbili: ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kuwakatisha watu tamaa. Hiyo nyekundu ndiyo inayomfanya ajulikane. Kwa maana pamoja na duka, Octavian ni katibu msajili wa Ligi ya Bonde, ligi ya vijana wasiozidi miaka ishirini na tatu, yenye timu kumi na mbili kuanzia Kidete hadi Mikumi. Hakuna kijana anayegusa mpira wa ligi hiyo kabla jina lake, picha yake na mwaka wake wa kuzaliwa havijaingia kwenye daftari la Octavian.

Daftari lenyewe si la karatasi. Ni kanzidata iliyomo ndani ya kompyuta moja nyeusi chini ya kaunta, katikati ya rimu za karatasi na mabuti ya mvua ya mke wake, Monica. Makatibu wa timu wanaingiza wachezaji wao kwa simu kutoka huko waliko, na kompyuta inapokea. Octavian anaiita sava. Monica anaiita mke mwenzangu.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya kompyuta, inabidi ujue kwamba Octavian alikuwa golikipa wa akiba kwa misimu sita na akacheza dakika kumi na moja. Dakika hizo kumi na moja alifungwa mabao manne. Kwenye mpira, kitu pekee kilichowahi kumtii ni muhuri. Akitokea uwanjani na ule muhuri wa mbao mfukoni, anawekewa kiti karibu na mstari, na wale wale waliomzomea mwaka ule wanamwita Msajili na kumuuliza kama anapata kivuli vizuri.

Muhuri huo ulikuwa umening'inia kwenye uzi mwembamba tangu msimu uliopita. Mvua za Machi zilipata tundu kwenye paa, zikashuka moja kwa moja juu ya kompyuta ya kwanza kana kwamba zilielekezwa, na daftari lote likazama. Nakala haikuwepo. Yaani ilikuwepo, kwenye flashi, lakini flashi ilikuwa imeazimwa na binamu yake Monica kwenda kubebea nyimbo za harusi, na huyo binamu, ili nyimbo zitoshe, alifuta vilivyomo. Octavian ikabidi awaombe makatibu wa timu zote walete taarifa za wachezaji upya.

Hapo ndipo bonde zima liliposhuhudia maajabu. Beki wa kati wa Ulaya Staa, timu ya kata ya Ulaya ambayo wachezaji wake huwaambia wasichana wa mbali, bila kudanganya, kwamba wao wanacheza soka Ulaya, ni baba wa watoto watatu. Alirudi akiwa na miaka kumi na tisa. Golikipa wa Mvumi alipungua miaka minne ndani ya wiki moja, kasi ambayo hakuna krimu iliyowahi kuifikia. Na mapacha wawili wa Kidete walirudi wakiwa wamepishana miaka miwili.

Octavian alitumia msimu mzima kuwasafisha, safari hii akidai vyeti vya darasa la saba, na kila aliyekatwa kwa kalamu nyekundu aliondoka akimlaani. Lakini mwenyekiti wa ligi, Mwalimu Bibiana, mwalimu mkuu mstaafu ambaye nusu ya viongozi wa timu aliwahi kuwachapa na nusu nyingine anajutia kutowachapa, hakutaka kusikia hadithi ya paa wala ya harusi. Alimwita akamwambia neno moja tu: daftari likipotea mara ya pili, muhuri unahamia Mikumi, kwa Herman.

Herman ni katibu wa Nyati wa Mikumi. Ana duka la intaneti kando ya barabara kuu, lenye feni tatu na viti vinavyozunguka, na amekuwa akiutamani muhuri huo kwa namna ambayo wanaume wengine wanatamani pikipiki. Kila wakikutana humuuliza Octavian hali ya daftari kwa sauti ya mtu anayemuulizia mgonjwa.

Ndiyo maana msimu huu Octavian alipanda basi la asubuhi hadi Mikumi kumwona Mudathir.

Mudathir ni fundi kompyuta wa loji moja kule. Walisoma pamoja kozi ya jioni Morogoro, na tofauti yao ni kwamba Mudathir alikuwa akisikiliza. Alimkuta amezungukwa na nyaya, akamweleza shida yake yote, paa, flashi, binamu, Herman, na akamalizia kwa kuahidi kwamba sasa atakuwa anatoa nakala mwenyewe kila jioni bila kukosa.

Mudathir hakuinua hata kichwa. "Wewe ni binadamu, Octa. Utasahau. Nakala inayosubiri mtu akumbuke si nakala, ni dua. Mwachie mashine. Mashine haina harusi ya binamu."

Akamweleza itakavyokuwa. Ataandika maagizo mafupi, na kila siku mashine yenyewe italifunga daftari zima kwenye faili moja, itaipa tarehe ya siku hiyo, itaweka nakala moja kwenye diski ya nje, itatuma nyingine kwa intaneti hadi kompyuta ya Mudathir hapo Mikumi ili hata Kilosa nzima ikizama majini daftari libaki kavu, na itafuta zilizozidi siku sitini. Kilichobaki ni kuiambia ianze saa ngapi. Hiyo inaandikwa kwenye mstari mmoja wenye nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Pale ambapo huna uchaguzi, unaweka nyota. Na akamsihi, kwa kidole kilichoinuliwa, kwamba siku moja moja ajaribu kuifungua nakala aone kama kweli daftari linarudi.

Octavian akauliza saa gani inafaa. Mudathir akasema wakati ambao hakuna katibu anayesajili, hata fisi wa mbuga wamechoka, saa nane usiku. Akachukua karatasi ya orodha ya nguo za kufua za wageni, akaandika nyuma yake: kila siku, saa 8 usiku. Alitaka kuongeza neno, lakini mgeni wa chumba namba sita alipiga simu kulalamika kwamba intaneti haifiki bafuni, ikabidi aende. Octavian akaikunja ile karatasi kama mtu aliyeandikiwa dawa, akarudi Kilosa.

Kesho yake alikaa mbele ya sava. Maagizo ya Mudathir yalikuwa yameshafika, bado ratiba. Kwenye dakika akaandika sifuri. Kwenye saa akatazama karatasi, akaandika nane. Kisha nyota, nyota, nyota.

"Nyota tatu," alisema Monica aliyekuwa akichungulia juu ya bega lake. "Kama hoteli."

Mashine haikumuuliza kama ni nane ya usiku au ya mchana. Octavian aliona ni adabu. Akapenda mashine isiyo na maswali mengi. Siku ya pili alipofungua folda akakuta faili moja lenye tarehe ya siku hiyo. Siku ya tatu, mawili. Akawa anayahesabu kila siku baada ya chakula cha mchana, kama mfugaji anayehesabu ng'ombe, na akimaliza anajisugua mikono na kumpigia Herman simu kumuulizia hali yake. Lakini kujaribu kuifungua nakala, kama alivyosihiwa, hakujaribu. Alijiambia hana nafasi. Ukweli ni kwamba aliogopa, kama mtu asiyepima kisukari kwa sababu leo anajisikia vizuri.

Sasa, tangu siku ile nyota tatu zilipoingia, duka lilianza kuwa na ugonjwa. Kila asubuhi, saa ile ile watu wa ofisini wanapita kuchapisha barua zao na wanafunzi wanakuja na kazi za kuwasilisha zilizochelewa, kompyuta inazubaa. Unabofya, inakutazama. Unabofya tena, inakutazama kwa dharau. Inakaa hivyo dakika ishirini, kisha inazinduka na kutema karatasi zote kwa pamoja, barua ya likizo ya bwana kilimo ikiwa katikati ya insha ya kidato cha nne kuhusu mmomonyoko wa udongo.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Mama wa maandazi wa jirani alisema mashine inasikia harufu ya chai yake, na inaonewa kwa kutopewa. Mwalimu mmoja wa sekondari alisema ni virusi, akashauri ipigwe jua. Octavian mwenyewe alianza na vumbi, akaipuliza. Akahamia kwenye mtandao, akautukana. Mwishowe akasema ni printa, kwa sababu printa haiwezi kujitetea. Monica ndiye aliyekuwa karibu. Alisema mke mwenzake anaanza kuzubaa redio ikisema tu ni saa mbili kamili, na anarudi katika hali yake zikianza habari za michezo.

Octavian akamjibu kwa upole wa mtu mwenye elimu kwamba mashine hazina saa maalumu ya kuchoka. Alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya mashine aliyoipangia saa kwa mkono wake mwenyewe.

Basi ikaenda hivyo wiki sita, hadi Alhamisi ya kabla ya nusu fainali. Jumapili yake Nyati wa Mikumi wangecheza na Reli ya Kidete, na kwa kanuni za ligi usajili wa nyongeza ulifungwa Alhamisi hiyo saa sita mchana. Saa nne asubuhi Octavian alisikia chini ya kaunta mlio kama wa mtu anayetafuna ugali wenye mchanga. Akainama. Mlio ukakoma. Kioo kikawa cheusi, akaona uso wake mwenyewe humo, na hakuupenda. Akaizima, akaiwasha, akaizima, akaibembeleza. Diski ya sava ilikuwa imekufa, kifo cha kawaida cha vitu vilivyonunuliwa vikiwa vimeshatumika.

Alimpigia Mudathir. Mudathir aliuliza jambo moja tu, kama nakala za diski ya nje zipo, Octavian akasema zipo, arobaini na moja, amezihesabu jana. Kama zinafunguka, hilo hakuuliza na Octavian hakulitaja. Mudathir akasema anatafuta diski na usafiri.

Habari za msiba zilifika kila kona ya bonde kabla Octavian hajaketi. Saa saba mchana makatibu watatu walikuwa mlangoni na orodha mpya za wachezaji, wamezichapa kabisa, kwa nia njema ya kumpunguzia kazi. Katibu wa Ulaya Staa, timu iliyokuwa imeshatolewa, naye alikuja, ili asije akachelewa kwa msimu ujao. Na kwenye orodha yake yule beki wa watoto watatu alikuwa amezaliwa kwa mara ya tatu. Herman aliwasili kutoka Mikumi akiwa amekaa mbele kwenye lori la mbao, ameshika mfuko mdogo. Ndani ya mfuko kulikuwa na wino wa muhuri, mpya, bado uko kwenye karatasi ya dukani.

Kisha akaingia Mwalimu Bibiana. Shikamoo zikatoka pande zote kama darasani, akaitikia marahaba moja iliyowatosha wote, akakaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, na kitambaa cheupe nyuma yake kikamfanya aonekane kama ametolewa kwenye kitambulisho. Alisema kwa kifupi. Nusu fainali haichezwi bila daftari. Daftari likiwa mezani ifikapo saa kumi jioni, vizuri. Lisipokuwepo, orodha mpya zitapokelewa na Herman ataandika. Akamwambia Octavian autoe muhuri auweke kaunta, katikati, pasipo mkono wa mtu. Octavian akautoa. Alikuwa hajawahi kuuona ukiwa mdogo namna ile.

Mudathir alifika saa tisa kasoro robo, mwekundu wa vumbi kuanzia kofia hadi soksi. Hakusalimia sana. Alifungua kompyuta, akatoa diski iliyokufa, akaweka mpya, akapakia mfumo, na duka zima likasimama kumtazama, isipokuwa mama wa maandazi aliyetumia nafasi hiyo kuuza. Saa tisa na nusu akachomeka diski ya nje, akafungua folda ya nakala. Faili zikajipanga mstari mmoja mrefu. Mudathir akakaza macho, maana zile zilizokuwa zikimfikia Mikumi hakuwahi kuzitazama.

"Octa. Hizi nakala zinatoka saa ngapi?"

"Saa nane," alisema Octavian. "Kama ulivyoandika."

"Saa nane ya wapi?"

Octavian akasogea. Mbele ya kila faili, baada ya tarehe, kulikuwa na namba ile ile, 08:00, ambayo yeye alikuwa ameiona wiki sita mfululizo na kila siku ikamfurahisha, kwa sababu alitaka nane na nane ilikuwepo. Sasa aliitazama kama wanavyoitazama watu wengine wote, na akaona ni saa mbili asubuhi. Saa ya chai, ya barua za likizo, ya mmomonyoko wa udongo. Wateja wote wa asubuhi waliomlaani walikuwa wanapanga foleni nyuma ya nakala.

Herman alianza kucheka taratibu, akaendelea mpaka akaegemea mashine ya fotokopi. "Mwalimu, hebu tuseme ukweli. Mtu hajui saa, atajua miaka ya watu?"

Makatibu wakacheka. Octavian akaitoa ile karatasi ya nguo za kufua kutoka kwenye droo, akaisukuma kwa Mudathir.

"Niliandika usiku," alisema Mudathir. "Hilo hapo. Usiku."

"Mashine haina mahali pa kuandika usiku, Mudathir. Ina nyota tu."

Na hapo wote wawili wakagundua kwamba ni kweli, na kwamba aliyepaswa kulijua hilo ni yule aliyekuwa akisikiliza darasani. Mudathir akajifuta vumbi usoni, kazi iliyomchukua muda kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu Bibiana aliinua mkono, kicheko kikakatika. Alikuwa amefundisha darasa la pili kusoma saa kwa miaka kumi na minane, na hakupenda jambo hilo lichekwe na mtu aliyekuwa akiiba maembe kipindi hicho. Akamgeukia Herman akamuuliza, kwa sauti ya kuuliza jibu analolijua, kama mashine ingepangwa sawasawa, nakala zingetoka saa ngapi.

"Saa nane usiku, Mwalimu. Kwa hesabu ya mashine ni mbili."

"Vizuri. Octavian, hiyo saa nane usiku, mashine hii inakuwa inafanya nini?"

Monica alimtangulia kujibu, kutoka nyuma ya kile kitambaa cheupe cha picha.

"Inakuwa imezimwa, Mwalimu. Nazima swichi kubwa kila jioni tukifunga. Tangu waya wa fundi cherehani hapo jirani ulipotoa moshi, silali umeme ukiwa umewaka huku."

Octavian alimgeukia mke wake kama ndiyo kwanza wanaonana. Siku zote alidhani anazima taa. Yeye huondoka mapema kwenda kuoga, na asubuhi akifika Monica ameshafungua, ameshawasha, ameshafagia. Mudathir naye akakaa chini kabisa sakafuni, kwa sababu swali la umeme ni la kwanza kuuliza na hakuliuliza.

Kila mtu akahesabu kichwani. Kwa kukosea, nakala arobaini na mbili, pamoja na ya asubuhi hiyo hiyo. Kwa kupatia, hakuna hata moja.

"Basi amekosea vizuri," alisema Mwalimu Bibiana. "Mudathir, fungua."

Huu ndio mlango ambao Octavian alikuwa hajawahi kuugusa. Mudathir akachagua nakala ya asubuhi ile, akaipa amri, na mstari mdogo ukaanza kutambaa kwenye kioo. Octavian alishika kalamu nyekundu kwa mikono miwili. Mstari ulifika nusu, ukasimama, ukawaza, ukaendelea. Halafu majina yakaanza kushuka, timu baada ya timu, picha kwa picha, wachezaji mia mbili tisini na mmoja, kila mmoja na mwaka aliozaliwa kweli. Katibu wa Mvumi alikunja orodha yake mara nne akaitia mfukoni. Katibu wa Ulaya Staa aliitumia yake kufungia maandazi.

Ilikuwa bado dakika kumi kufika saa kumi. Octavian akanyoosha mkono kuelekea kwenye muhuri, na Herman akasema ngoja.

Sauti ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameinama kwenye kioo, anapandisha na kushusha orodha ya Nyati wa Mikumi kwa kidole, na kicheko chote kimemwisha. Yared hayumo. Yared, mshambuliaji waliyemtoa timu ya shule, ambaye kwa ajili yake Mikumi ilikuwa imeshashona fulana. Herman alimwingiza asubuhi ile ile kwa simu, saa tatu na kitu. Nakala ilitoka saa mbili. Mashine ilikufa saa nne. Katikati hapo alisajiliwa mtu mmoja tu katika bonde zima, na dirisha lilikuwa limefungwa tangu saa sita.

Katibu wa Reli ya Kidete alisafisha koo, akakumbusha kwa heshima kubwa kwamba kanuni inasema asiyekuwepo kwenye daftari hachezi. Herman akasema alimsajili. Wakamuuliza ushahidi. Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Simu haikuwa na cha kuonyesha zaidi ya picha za Yared anakula chipsi.

Mwalimu Bibiana akamgeukia Octavian. "Msajili ni wewe. Huyu kijana alisajiliwa?"

Duka likawa dogo. Monica ni mtoto wa Kidete. Mama yake mzazi anakaa Kidete, anakata tiketi ya kila mechi na ana filimbi yake mwenyewe. Herman alikuwa ametoka kumcheka mbele ya watu. Na jibu la "sijaona" lisingekuwa hata uongo mkubwa, lingekuwa uongo mwembamba tu, wa kupitisha chini ya mlango. Hakuna binadamu ambaye angejua. Octavian aliutazama muhuri pale kaunta. Alifikiria jinsi ambavyo msimu mzima aliwakata watu kwa miaka miwili, kwa mwaka mmoja, kwa miezi, wakalia na akawaambia daftari haliwezi kujua unachojua moyo wako.

"Alisajiliwa," alisema. "Saa tatu na robo. Namba mia mbili tisini na mbili. Kwenye picha alivaa sare ya shule badala ya jezi, nikamtumia Herman ujumbe alete picha nyingine, na hajaleta."

Herman akainua kichwa. "Ni kweli," alisema, na ikaonekana neno hilo halikuwa limewahi kupita kwenye koo lake likielekea upande wa Octavian. Akatafuta kwenye simu, na kweli ujumbe ulikuwepo, haujasomwa, kwa sababu kila ujumbe wa Octavian aliuchukulia kuwa ushauri.

Katibu wa Kidete akashusha pumzi ndefu. Nyuma ya kitambaa Monica alisema kwa sauti ya chini kwamba mama yake ataelezwa na mkwe mwenyewe, yeye hayumo.

Mwalimu Bibiana alitazama saa yake ya mkononi, akauliza kama kuna mtu bado ana neno kuhusu muhuri. Alikuwa anamtazama Herman. Herman alikuwa na ule mfuko mdogo wa wino mkononi, akauzungusha mara mbili tatu.

"Ubaki hapa hapa, Mwalimu. Maana ingekuwa mimi ndiye ninaulizwa swali hilo, na mchezaji ni wa Kidete..." Hakumalizia. Kila mtu alimmalizia kimoyomoyo. Akauweka ule wino kaunta, karibu na muhuri, akasema wa Octavian ulikuwa umekauka siku nyingi, mihuri yake inatoka kama alama ya kikombe.

Ratiba hawakuigusa. Mudathir aliongeza tu nakala ya pili ya jioni, kabla ya duka kufungwa, ili siku nyingine kisipotee kipande kikubwa. Akaandika mwenyewe kumi na sita kwenye nafasi ya saa, akieleza kwamba kumi na sita ni saa kumi, na Octavian aliruhusiwa kutazama akiwa ameweka mikono nyuma.

Jumapili Yared alifunga mawili. La pili lilikuwa zuri mpaka filimbi ya mama mkwe ikanyamaza. Octavian alikuwa kwenye kiti chake karibu na mstari, akijua kwamba chakula cha jioni nyumbani kitakuwa ugali na maelezo. Watu wakiwa bado wanashangilia, Herman alikuja akachuchumaa kando ya kiti, akatazama uwanja kana kwamba hakuja kwa ajili ya kuongea, kisha akasema kwamba kule dukani kwake ana kumbukumbu zake nyingi tu, miaka yote, na hajawahi kutoa nakala hata moja. Akauliza, kwa sauti ambayo ilibidi Octavian ainame kuisikia, ni saa ngapi nzuri ya kuipangia mashine.

"Ya saa baadaye," alisema Octavian. "Kwanza, kwako nani anazima swichi kubwa?"

Herman alifikiri. "Mama mkwe."

"Basi anza na yeye."

Herman akageuka akaitazama barabara ya kurudi Mikumi, kando ya mbuga, kwa macho ya mtu ambaye angeona nafuu akakutane na tembo.